Kamera, Mwanga na Mchanga wa Paje



Kila tunapokutana sisi wanafunzi wa zamani huzungushwa picha moja ya Kidato cha Nne, mwaka 1998. Tumesimama pwani ya Paje, jua la utosi, maji yamekupwa. Nyuma yetu ni mchanga mweupe na vigingi vya mwani, kilimo kilichoanza kwetu kibiashara mwaka 1989. Mchanga umetoka vizuri na vigingi vinahesabika, lakini nyuso zetu zote ni giza tupu. Mwenzetu mmoja aliyesimama mwisho wa mstari ametangulia mbele ya haki. Mama yake hana picha nyingine ya mwanawe wa umri ule, na katika hii humtambua kwa kimo tu.

Kwa miaka mingi tuliilaumu kamera ya mwalimu kwamba ilikuwa mbovu. Madhumuni ya makala haya ni kuonesha kwamba haikuwa mbovu. Ilifanya barabara kazi iliyoundiwa.

Upigaji picha si jambo geni Unguja. Tangu karne ya 19 A. C. Gomes alikuwa na studio yake mjini, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio. Mpiga picha wa zama hizo alipaswa kuukadiria mwanga mwenyewe, kisha akaamua mambo mawili: upana wa tundu la lenzi, na muda wa kilango kubaki wazi. Akikosea, filamu imeharibika. Ndiyo maana kazi ile ilikuwa ya fundi, na sisi wengine tulikwenda kwake tukiwa tumevaa nguo za sikukuu.

Waundaji wa kamera walitaka kazi hiyo ya kukadiria ifanywe na chombo chenyewe. Mwaka 1938 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa Super Six-20, kamera ya kwanza kujipimia mwanga na kujirekebisha. Bei yake ilikuwa dola 225, basi wachache mno waliimudu. Ilipofika miaka ya 1960 Wajapani waliweza kuuza kamera za namna hiyo kwa bei nafuu. Mojawapo ni Olympus Trip 35, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967. Ndiyo aliyokuwa nayo mwalimu wetu.

Kamera hii haitumii betri hata moja. Kuizunguka lenzi yake kuna duara la vioo vidogo vidogo, na nyuma yake madini ya seleniamu. Mwanga ukiyapiga madini hayo, umeme mdogo huzalika na kusukuma mshale ulio ndani. Ukibonyeza kitufe, mtambo huubana mshale pale ulipofika, na mahali hapo ndipo panapoamua upana wa tundu na kasi ya kilango: sehemu moja ya 40 ya sekunde, au moja ya 200. Mwanga ukiwa haba, kibendera chekundu huinuka mbele ya jicho lako na kamera hukataa kupiga.

Kamera nyingine zilitumia kadimiamu salfaidi. Hii huona vizuri zaidi penye mwanga mdogo, lakini haizalishi umeme; hupunguza tu ukinzani inapomulikwa. Kwa hiyo betri ikawa ni lazima. Hapo ndipo ulipozaliwa ubahili wa betri. Baadhi ya kamera hizo hazikuwa na swichi, na njia ya kuzizima ilikuwa kuziba lenzi kwa kifuniko: gizani ukinzani hupanda na umeme hupita kidogo mno. Canon AE-1 ya mwaka 1976 ilikwenda mbali zaidi. Kipimo chake huamka pale tu kitufe kinapobonyezwa nusu, lakini betri yake ya volti 6 ikiisha, kilango hakifunguki kabisa. Kwa mtu wa shamba, ambaye duka la jirani lina betri za tochi na redio tu, tofauti hiyo haikuwa ndogo.

Sasa turudi pwani. Kipima-mwanga hakijui uso wala mchanga. Huchukua wastani wa mwanga wote ulio mbele yake, na hudhani kwamba dunia nzima ina rangi ya kijivu cha kadiri. Mchanga wa Paje saa sita mchana unang'aa kupita kiasi hicho. Mtambo ukaamini kwamba mwanga umezidi, ukalibana tundu, na nyuso zetu zilizokuwa kivulini mwa jua la utosi zikakosa haki yao. Mwanga ambao haukuandikwa kwenye filamu hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Mwalimu angeweza kuidanganya kamera: kama filamu ni ya ASA 100, aizungushe namba hadi 50, nayo ingefungua tundu zaidi. Au angengoja alasiri, atugeuze tulielekee jua. Hakujua, na sisi hatukujua.

Wadogo zetu, simu zenu nazo hupima mwanga kwa kanuni zilizotokana na hizo. Mkipigana picha penye mchanga, gusa uso wa mwenzako kwenye kioo ili simu ijue unachokitaka. Chombo hupima, lakini aamuaye lililo muhimu ni mtu.

Nanyi wahitimu wenzangu, nina ombi. Tafuteni masandukuni picha na filamu za miaka ile kabla unyevu wa pwani haujazimaliza, mje nazo katika mkutano ujao. Huenda katika mojawapo mwenzetu yule amesimama kivulini mwa mnazi, na uso wake umetoka. Yupo mama anayeusubiri.