Aliyeandika Hatari!

Hapa Arusha, wazee wakianza kuizungumzia filamu ya Hatari! humtaja mwigizaji John Wayne, kisha faru, kisha wale watoto wa tembo waliotimua mbio katikati ya mji. Aliyeandika hatajwi. Mimi kazi yangu ni kuandika tamthilia za runinga, kwa hiyo jina lake ndilo nililolitafuta kwanza: Leigh Brackett, mwanamke wa Los Angeles, mzaliwa wa mwaka 1915.

Mwongozaji Howard Hawks alifika Momella, karibu na hapa Arusha, na kundi lake mwishoni mwa 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza. Kisa alikibuni Harry Kurnitz, muswada akauandika Brackett. Hawks alitaka wanyama wakamatwe kwelikweli, tena na waigizaji wenyewe. Anayeandika skripti ataelewa ugumu wake, maana faru hapangiwi la kufanya. Faru mmoja alipochoropoka kamera haikuzimwa, watu wakamfukuza upya, na tukio ambalo halikuandikwa na mtu likaingia kwenye filamu.

Brackett aliachiwa matukio ya jioni. Watu wamerudi na vumbi lao, mwenzao yuko hospitali kwa pembe ya faru, wanakunywa, wanataniana, wanaoneana wivu. Humo anaingia Dallas, mpiga picha kutoka Italia. Sean, anayechezwa na Wayne, alikubali mpiga picha aje akidhani ni mwanamume, na sasa anamkuta mwanamke ndani ya kitanda chake. Wanawake wa Brackett hawasubiri ruhusa ya kusema. Dallas anamwambia mwanamume anachokitaka, naye stelingi mwenye misuli yote ile anababaika. Sisi tunaoandika leo bado tunawajaza wahusika wa kike machozi kurasa nzima, na inanisikitisha.

Kudhaniwa mwanamume Brackett alikujua. Mwaka 1944 alitoa riwaya ya upelelezi, No Good from a Corpse. Hawks aliisoma, akapenda majibizano yake, akamwagiza katibu wake amwite huyo bwana Brackett. Akatokea mwanamke ambaye hata miaka 30 hajafikisha. Nyumbani aliacha hadithi ya kubuni ya sayari nyingine ikiwa nusu. Akamkabidhi rafiki yake Ray Bradbury aimalizie. Studio ikamweka na mwandishi William Faulkner, waigeuze riwaya ya Raymond Chandler, The Big Sleep, kuwa filamu. Faulkner aligawa sura, hizi zako, hizi zangu, kisha akajifungia ofisini mwake. Kila mmoja akaandika kivyake. Filamu ilitoka mwaka 1946, na Jules Furthman akiwa mwandishi wa tatu.

Hawks hakumsahau. Walirudi pamoja kwenye Rio Bravo ya 1959, kisha Hatari! mwaka 1962, kisha El Dorado na Rio Lobo. Runinga nayo aliiandikia, vikiwemo vipindi vya Alfred Hitchcock na The Rockford Files.

Liko linaloniuma, na kwa kuwa nampenda lazima niliseme. Filamu imepewa jina la Kiswahili, imepigwa kwenye ardhi yetu, lakini Waafrika wamo humo wa kushika kamba na kupokea amri. Hakuna hata mmoja aliye mhusika mkuu. Wanampa Dallas jina la Mama Tembo, na ni kama hiyo ndiyo kauli yao kubwa. Mwandishi aliyejua kumpa mwanamke ulimi mbele ya wanaume hakuwapa wenyeji ulimi huo. Na filamu ilipofika kwenye kumbi, Tanganyika ilikuwa huru tayari.

Brackett kazi yake ya mwisho aliifanya akiwa mgonjwa wa saratani. Februari 1978 alimkabidhi George Lucas rasimu ya kwanza ya The Empire Strikes Back; tarehe 18 Machi akafariki, na miaka yake 62. Lucas na Lawrence Kasdan waliibadilisha sana. Katika rasimu ya Brackett, baba yake shujaa Luke ni roho inayokuja kuzungumza na mwanawe, wala si yule adui yake Darth Vader. Hata hivyo Lucas alilibakiza jina la Brackett, na filamu ilipotoka mwaka 1980 liliandikwa kabla ya la Kasdan.