Ibada ya Kimaa: Kutoka Laikipia Hadi Kajiado

Kanisa la Kimaa halikuanzia Kajiado. Lilianzia kaskazini, wakati Wamaasai bado wanachungia Laikipia. John Stauffacher, Mmarekani wa Africa Inland Mission, alifika Kenya mwaka 1903. Waliompa lugha ni vijana wa Kimaasai, mmoja wao Molonket ole Sempele. Wao walimfundisha Kimaa, yeye akawafundisha kusoma.

Mwaka 1909 Molonket aliuza ng'ombe wake apate nauli ya kwenda kusoma Marekani. Kwa Mmaasai wa wakati ule, ng'ombe walikuwa mahari, heshima na urithi wa watoto. Ndiyo maana naamini kanisa hili lilijengwa kwa mali ya Mmaasai, si kwa mchango wa ng'ambo tu.

Alirejea mwaka 1912 akakuta watu wake wanahamishwa. Mkataba wa 1911 na Waingereza ulikuwa umewanyang'anya Laikipia na kuwasukuma kusini. Kanisa likawafuata, likapiga kambi Siyiapei, Narok.

Huku Kajiado, magadi ndiyo yaliyoleta reli. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na kufikia 1915 njia ya treni ilikuwa imetoka Konza, ikapita Kajiado hadi Ziwa Magadi. Vibarua walitoka kila upande wa nchi, na lugha ya kazini ikawa Kiswahili. Tangu hapo waumini wa Kajiado wamekuwa na lugha mbili za kumwita Mungu: ya sokoni na stesheni, na ile ya bomani, ambamo Mungu ni Enkai.

Lugha ya bomani ilipata mtetezi hodari, John Tompo ole Mpaayei. Mwaka 1955 yeye na A. N. Tucker walichapisha sarufi ya Kimaasai ambayo wataalamu wanaitumia hadi leo. Biblia nzima ya Kimaa, Biblia Sinyati, ilitoka 1991. Kwa kulinganisha, huko Wales msichana Mary Jones alitembea kilomita 40 hivi mwaka 1800 kutafuta Biblia ya Kiwelisi. Kiu ya Wawelisi ilichangia kuzaliwa kwa Chama cha Biblia mjini London mwaka 1804. Wamaasai walingoja karibu karne mbili zaidi.

Kanisa halikuishia kwenye vitabu. Shule ya msingi ya bweni ya wasichana ya Africa Inland Church (AIC) mjini Kajiado ilifunguliwa mwaka 1959, na kwa miaka mingi imekuwa kimbilio la mabinti wanaokwepa kuozwa wangali wadogo. Kwangu mimi hilo ndilo hubiri kubwa kuliko yote yaliyotolewa Kajiado.

Mji wa Kitengela, humo humo Kajiado, ni habari nyingine. Ranchi ya jumuiya iligawanywa mwaka 1988, viwanja vikauzwa, viwanda vya Athi River vikavuta wapangaji. Kimaa kimezungukwa na Kiswahili na Kiingereza, na vijana wengi wa Kimaasai wanaomba kwa lugha hizo. Sina ugomvi na ibada ya mchanganyiko. Jirani naye anahitaji kusikia. Lakini nyimbo za akina mama, zile ambazo kiongozi wa wimbo anaanzisha na wengine wanaitikia kwa shingo na mabega, nyingi zimo vichwani tu. Kila kanisa la Kajiado lina simu zenye kinasa sauti na vijana wanaojua kuzitumia. Wawarekodi akina mama hao mwaka huu, pamoja na majina yao na vijiji walikojifunzia.