Safari ya Kisa cha Romeo na Juliet na Funzo Lake Darasani

Aghalabu mwanafunzi wa sekondari huihesabu Romeo and Juliet kuwa zao la Shakespeare peke yake, na kila utungo uliofuata kuwa mwigo tu. Historia yaikanusha dhana hiyo.

Mnamo 1476 Masuccio Salernitano, Mwitalia, alisimulia kisa cha wapenzi wa Siena waliofunga ndoa kwa siri. Luigi da Porto alikihamishia Verona, akawapa wapenzi majina yanayojulikana hadi leo. Matteo Bandello naye akakisimulia upya mwaka 1554. Mwaka 1562 Mwingereza Arthur Brooke alikitungia shairi refu, na katika dibaji akawalaumu vijana kwa kuwakaidi wazazi. Shakespeare, ambaye tamthilia yake ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1597, alilitumia shairi hilo: miezi akaifupisha kuwa siku chache, Juliet aliyekaribia miaka 16 akawa hajatimiza 14, na lawama akaielekeza kwenye uhasama wa wazazi.

Mwaka 1957 West Side Story iliuhamishia uhasama huo katika mitaa ya New York, baina ya magenge mawili ya vijana. Humo Maria hafi. Husalia hai kuwashutumu wote.

Basi swali la kumwuliza kijana si nani aliyemwiga nani, bali ni ukuta gani unaowatenga wapenzi katika kila jamii, na nani anayebebeshwa lawama ya kifo. Asiyefundishwa hivyo atadhani kwamba kubuni ni haki ya wengine, na kuiga ndiko fungu lake.