Kuanzisha uchungu: kidonge, dripu au puto?

Mimba ikipita wiki 41, presha ikipanda, au chupa ikipasuka na uchungu usije, huenda mama akaambiwa uchungu utaanzishwa. Njia ni kadhaa, na inayofaa Mombasa mjini huenda isifae Ikutha, kusini mwa Kitui, kwenye barabara itokayo Kibwezi. Aliyezoea Kinango au Ganze anaijua hali hiyo: joto, ukame na safari ndefu.

Dripu ya oksitosini ndiyo iliyozoeleka. Uchungu ukizidi hufungwa, na dawa huisha mwilini upesi. Lakini lazima ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukipotea katika joto lile hupungua nguvu, na kwa macho huwezi kujua. Tena shingo ya kizazi ikiwa bado ngumu, dripu peke yake humchosha mama bure.

Misoprostoli ni kidonge kisichohitaji friji, na huilainisha shingo hiyo huku kikileta uchungu. Hatari iko kwenye kipimo. Kidonge cha kawaida ni mikrogramu 200, na Shirika la Afya Duniani linataka 25 tu kwa mdomo, kila baada ya saa 2. Kukikata kwa wembe vipande 8 ni kubahatisha. Afadhali muuguzi akiyeyushe katika mililita 200 za maji, ampe mama mililita 25 kila mara. Kikishamezwa hakirudi. Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji asipewe, maana kovu laweza kuachana.

Huyo puto humfaa zaidi, ila hospitalini penye chumba cha upasuaji. Ni mpira wa mkojo tu, unaopitishwa kwenye shingo ya kizazi na kujazwa maji. Ni rahisi na haushtui mfuko wa uzazi kama dawa, ingawa huenda polepole. Huko India, utafiti wa wajawazito 602 wenye presha, uliochapishwa 2017, ulikuta asilimia 57 ya waliopewa kidonge walijifungua kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24. Wa puto, 47.

Mizizi ya kienyeji haina kipimo. Aliyekwisha kuinywa amwambie muuguzi, hata kama mama mkwe amekataza.

Na kabla ya kukubali njia yoyote, uliza: usiku nani atasikiliza moyo wa mtoto, na daktari wa kupasua yuko wapi? Kama yuko mji mwingine, safari iwe kabla ya dawa ya kwanza.