Kutoka Redio za Ardhini hadi Setilaiti
Jirani na Segerea, katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, ndege zimeshuka kwa miongo mingi zikifuata mitambo ya redio iliyosimikwa ardhini, ambayo wimbi lake moja humwonyesha rubani mstari wa kati wa njia ya kurukia na jingine mteremko wa kushukia. Setilaiti za GPS hazikutosha peke yake kuchukua nafasi ya mitambo hiyo, kwani kosa la mita kadhaa, ambalo dereva wa daladala hata halioni, ni hatari kwa ndege inayokaribia ardhi. Ndipo ikabuniwa mifumo ya nyongeza, yaani vituo vya ardhini vinavyopima kosa hilo, kisha masahihisho na maonyo hurushwa kupitia setilaiti nyingine. Marekani iliuzindua wake mwaka 2003, na Ulaya ikauruhusu wake kwa usafiri wa anga mwaka 2011. Barani Afrika, ASECNA, shirika la huduma za anga ambalo Komoro ni mwanachama ilhali Tanzania siyo, lilianza kurusha mawimbi ya majaribio mwaka 2020, na Januari 2021 ndege ikayajaribu mjini Lomé. Ugumu mkubwa, pengine kuliko fedha, ni tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, ambalo karibu na ikweta huvuruga mawimbi hasa baada ya jua kutua, hivyo hesabu zilizosanifiwa kwa anga la Ulaya haziwezi kuhamishiwa huku bila kupimwa upya.