Baada ya Sanamu Kuondolewa: Ukumbusho na Majina katika Mwambao wa Fizi na Baraka

1. Utangulizi

Tarehe 30 Juni 2022, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kongo, kichwa cha shaba cha Jenerali Émile Storms kiliondolewa juu ya nguzo yake katika bustani ya Meeûs, manispaa ya Ixelles, mjini Bruxelles. Kwa wapita njia wengi wa Ubelgiji jina hilo halikuwa na uzito. Kwa wakazi wa mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ambamo mna Fizi na Baraka, habari hiyo ilikuwa na maana nyingine. Mnamo 1883 Storms alijenga ngome ya Mpala kwenye mwambao huo huo, upande wa kusini, na kutoka hapo akaanza kuwashambulia watawala waliokataa kumtii.

Kuondoa sanamu ni kazi ya saa chache. Swali gumu huja baadaye: mahali palipobaki wazi pawekwe nini? Makala haya yanachunguza majibu matatu yaliyokwisha kutolewa, yaani la Bruxelles, la Dar es Salaam na la Kinshasa, kisha yanauliza ni lipi linalowafaa watu wa Fizi na Baraka, ambao wafu wao wa vita wangali wakisubiri kukumbukwa. Hoja yenyewe ni kwamba mahali pa mkubwa aliyeondolewa hapafai kupewa mkubwa mwingine. Panawastahili wale waliokuwa chini yake, nao wapewe kwa majina yao.

Kabla ya kuendelea, yafaa kutazama maneno. Neno sanamu lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza huko ni kitu kinachoabudiwa. Katika Kiswahili maana hiyo ilipanuka hata ikaingiza kila mfano wa kiumbe, uwe wa kuchonga au wa kuchora. Neno ukumbusho latokana na kitenzi kukumbusha, nacho chahitaji pande mbili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Neno kumbukumbu latokana na kukumbuka, ambako mwenye kukumbuka anajitosheleza. Tofauti hiyo ya kinyambuo si ndogo. Sanamu nyingi za wakati wa ukoloni zilikuwa ukumbusho kwa maana kamili: wenye nguvu waliwakumbusha wasio na nguvu ni nani anayetawala.

2. Bruxelles: vichwa viwili

Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms waliivamia boma la Lusinga, mtawala wa Watabwa katika milima ya Marungu. Lusinga aliuawa, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Mpala. Storms aliporudi Ubelgiji alilichukua fuvu hilo pamoja na vitu vingine vya vita, miongoni mwavyo sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga. Sanamu hiyo ya mti imo katika jumba la makumbusho la Tervuren. Fuvu lilifikishwa katika Taasisi ya Sayansi Asilia ya Bruxelles, likawekwa pamoja na mifupa mingine ya uchunguzi.

Kwa hiyo, kwa miaka mingi mji mmoja ulikuwa na vichwa viwili vya historia moja. Kimoja kilikuwa cha shaba, kiko wazi bustanini, kina jina na cheo. Cha pili kilikuwa cha mfupa, kimo sandukuni. Baada ya kichwa cha shaba kuondolewa, nguzo ilibaki tupu. Wapo wanaosema kwamba utupu huo watosha, kwa kuwa nao wasema jambo. Lakini utupu husema na yule tu anayejua kilichokuwapo. Mtoto anayepita mwaka wa kumi baadaye ataona jiwe tu. Aidha, siku ile nguzo ilipoachwa tupu, fuvu la Lusinga lilikuwa bado Bruxelles. Kumwondoa mwuaji bila kumrudisha aliyeuawa ni kufanya nusu ya kazi.

3. Dar es Salaam: askari asiye na jina

Jibu la pili lilitolewa ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha mjini Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeyavunja mapambano ya watu wa pwani na baadaye akawa gavana. Wissmann alisimama juu. Chini yake alisimama askari wa Kiafrika, akimtazama bwana wake na kutandaza bendera juu ya simba aliyekufa. Waingereza walipouteka mji katika Vita Kuu ya Kwanza waliing'oa sanamu hiyo. Ilirudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha katika miaka ya 1967 na 1968.

Mwaka 1927 Waingereza waliweka Dar es Salaam sanamu nyingine, ile ya askari aliyeshika bunduki yenye singe. Maandishi yake ni ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa hati za Kilatini na za Kiarabu. La kuzingatia hapa ni kwamba yule aliyekuwa chini ya nguzo sasa yuko juu yake. Hilo lilikuwa badiliko kubwa, na pengine ndiyo sababu wananchi hawakuiangusha sanamu hiyo baada ya uhuru, bali waliifanya alama ya mji wao.

Hata hivyo jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, askari huyo hana jina. Ni aina ya mtu, si mtu. Pili, walioelemewa zaidi na vita vile hawakuwa askari bali wapagazi, waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu kwa makumi ya maelfu. Katika mnara wa Nairobi, uliosimamishwa karibu na wakati huo huo, mpagazi amo miongoni mwa watu watatu wa shaba. Dar es Salaam hayumo. Kumbukumbu yake huko imehifadhiwa na lugha: mtaa wa Kariakoo ulipata jina lake kutokana na jeshi la wapagazi waliopiga kambi hapo. Wananchi walilitamka neno la Kiingereza kwa ulimi wao, wakalifanya lao. Wapagazi wa Kongo, waliobeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji hadi Tabora mwaka 1916, hawakubahatika kuachiwa hata jina la mtaa wa namna hiyo.

4. Kinshasa: mfalme, rais na uwanja mmoja

Jibu la tatu lahusu Fizi kwa karibu zaidi. Mwaka 1928 sanamu ya Mfalme Leopold II akiwa juu ya farasi ilizinduliwa mjini Léopoldville. Ilisimama mbele ya jengo ambalo leo ni Palais de la Nation. Iliondolewa wakati wa utawala wa Mobutu. Mwezi wa Februari 2005 serikali iliirudisha hadharani, karibu na stesheni kuu ya reli, kwa hoja kwamba historia isifichwe. Haikumaliza hata siku mbili. Iliondolewa tena, na hatimaye ikapata makao katika bustani ya makumbusho huko Ngaliema.

Katika uwanja wa mbele ya Palais de la Nation limejengwa kaburi la Rais Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa Januari 2001, pamoja na sanamu yake. Yaani aliyeondoka ni mkubwa, na aliyekuja ni mkubwa.

Watu wa Fizi wanamjua Kabila kwa namna ambayo Kinshasa haimjui. Milima yao ilikuwa makao ya waasi mwaka 1965, Che Guevara alipovuka ziwa kutoka Kigoma na kupewa jina la Kiswahili la Tatu. Kabila naye aliunda chama cha PRP mnamo 1967 na kukaa katika milima hiyo kwa miaka mingi, kwenye ngome aliyoiita Hewa Bora. Maquis hayo yaliishi kwa mashamba, kwa dhahabu na kwa migongo ya wanavijiji. Historia imelihifadhi jina la Tatu, ambalo ni tarakimu tu, na jina la Kabila. Wanawake waliotwanga unga wa wapiganaji na vijana waliobeba masanduku ya risasi kutoka ufukweni hadi milimani hawamo katika shaba wala katika vitabu. Sanamu ya Kinshasa ni ya mtu aliyetoka katika milima ya Fizi, lakini milima yenyewe haimo.

5. Fizi na Baraka: njia moja, makaburi mawili

Katika Fizi yenyewe swali si la kale. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, iliyoorodhesha maovu makubwa yaliyotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003, yataja vijiji viwili vilivyo kando ya barabara moja, iendayo kutoka Uvira hadi Baraka. Huko Lueba, tarehe 29 Septemba 1996, raia Wanyamulenge 152 waliuawa na Wabembe wenye silaha wakiwa pamoja na askari wa jeshi la Zaire. Huko Makobola na vijiji jirani, kuanzia 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999, raia zaidi ya 800 waliuawa na majeshi ya waasi wa RCD pamoja na washirika wao wa Rwanda na Burundi.

Msafiri aweza kupita sehemu zote mbili kwa siku moja. Lakini anayeomboleza Makobola mara nyingi haitaji Lueba, na anayeomboleza Lueba haitaji Makobola. Ikiwa kila upande utajenga mnara wake peke yake, kila mnara utakuwa ukumbusho kwa maana ile ya kwanza: upande mmoja ukiukumbusha mwingine hatia yake. Mapigano yaliyozuka upya milimani kuanzia 2017 yameonyesha jinsi kumbukumbu ya namna hiyo inavyoweza kugeuzwa silaha.

Hapa jina lina nguvu kuliko shaba. Idadi ya 152 au 800 yaweza kubishaniwa, kukuzwa au kupunguzwa. Jina la mtu, pamoja na jina la baba yake, la mama yake na la kijiji chake, ni vigumu kulitukana mbele ya jamaa zake. Aidha, baadhi ya jamii za mwambao huu huamini kwamba marehemu hudumu katika jina. Ndiyo maana katika jamii hizo mjukuu hupewa jina la babu.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba kuyaweka majina ya pande mbili katika orodha moja ni kuwasawazisha watu ambao vifo vyao havikuwa na sababu moja. Pingamizi hilo lina uzito. Orodha ya wafu haiwezi kuchukua nafasi ya mahakama, wala haipaswi kuficha ni nani aliyeua. Lakini hukumu ni ya wauaji; mtoto aliyeuawa Lueba na mtoto aliyeuawa Makobola hawana kesi baina yao.

6. Hitimisho

Majibu matatu yaliyochunguzwa yamefundisha jambo moja kila moja. Bruxelles imeonyesha kwamba nguzo tupu haitoshi maadamu mabaki ya aliyeonewa hayajarudi kwao. Dar es Salaam imeonyesha kwamba aliye chini aweza kupandishwa juu, lakini akipandishwa bila jina anakuwa pambo. Kinshasa imeonyesha kwamba mkubwa akimrithi mkubwa, watu waliowabeba wote wawili hubaki walipokuwa.

Kwa Fizi na Baraka, basi, kitu cha kwanza kuandaliwa si jiwe bali ni daftari. Wakimbizi walioanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005 walikuja na majina ya wafu vichwani mwao, na wengine bado wako kambini Nyarugusu. Wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua kila mwaka. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao kazi yao ni kusikiliza na kuandika, wanaweza kuyakusanya kijiji kwa kijiji, kwa Kiswahili, kwa Kibembe na kwa Kinyamulenge, wakizingatia matamshi ya wenyewe. Daftari hilo lisomwe kwanza katika lubunga la Wabembe na katika mikutano ya wazee wa Kinyamulenge, makosa yasahihishwe, waliosahauliwa waongezwe. Ikiwa siku moja jamii hizo zitakubaliana kujenga mnara, maandishi yake yatakuwa tayari. Na kama hazitakubaliana, majina yatakuwa yameokolewa.