Mshitakiwa wa Angani

Vuta kigoda, msomaji wangu. Leo nina kesi.

Nchi yenyewe inaelea angani. Mtu mmoja kasimamishwa mbele ya mfalme. Kosa lake? Kafundisha. Basi, kafundisha tu! Akajitetea mpaka mate yakamkauka, lakini wapi. Wakamtia ndani ya chombo cha chuma, wakamrusha juu zaidi, akafie gizani huko kwenye nyota.

Halafu chombo kikaanza kumtii.

Halafu? Halafu hakuna. Nililala!

Usinicheke. Nilikuwa na miaka minane, mwaka 1989, huku Amani, milimani juu ya Muheza. Mvua inaponda bati, moshi wa kuni unachoma macho, chai ina iliki. Tumekaa jikoni, babu anasimulia. Likumbuke hilo jiko. Nitalirudia.

Babu alifariki 1991, na mwisho wa hadithi akaenda nao.

Tangu hapo nimekuwa kero. Nimeuliza walimu, nimeuliza wauza vitabu vya mitumba, nimeuliza hata kondakta mmoja aliyeonekana ana busara. "Hiyo sinema," wananiambia. Sinema! Ndani ya jiko la kuni?

Wewe nakuona, umeshanyoosha mkono. Kusadikika! Nani asiyekijua? Kitabu cha Shaaban Robert wa kwetu Tanga, mzaliwa wa Vibambani, kilitoka 1951. Nchi iko angani, Waziri Majivuno anashitaki, Karama yuko kizimbani kwa kufundisha elimu ya sheria. Nilipokutana nacho sekondari nilipiga ukelele darasani, nikapewa eneo la kufyeka. Sikujali. Nilikisoma mpaka mwisho nikingoja chombo cha chuma.

Hakimo.

Karama harushwi popote. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia, mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na mema wakalipwa kifungo. Maneno hayo ndiyo yanamwokoa. Heri yake. Mimi nikabaki na nusu ya hadithi mkononi.

Nusu ya pili ilinisubirisha miaka mingi, ikanikuta Mombasa kwenye duka la vitabu: Walenisi, cha Katama Mkangi wa pwani ya Kenya. Humo kuna Dzombo. Anahukumiwa, anatiwa chomboni, anarushwa angani akafie huko. Anahangaika na kile chombo mpaka anakimudu, kisha anatua kwenye dunia nyingine ambako watu wanaishi kwa usawa. Jina la dunia ile lenyewe kitendawili. Litamke polepole: wale-ni-sisi.

Nilikaa chini pale pale dukani. Kumbe babu alishona vitabu viwili! Karama mbele, Dzombo nyuma. Kesi imekwisha, siyo?

Ngoja kwanza.

Jumamosi iliyopita nikapanda basi la Muheza, vitabu vyote viwili mkobani, nikamwone bibi. Yupo, bado anatafuna muwa kwa meno yake mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sukari umeleta?"

Nikamsomea Walenisi huku anapepeta mchele. Anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa habari za jirani. Mimi kwa madaha yangu nikafunua kurasa za mwanzo, nimwonyeshe kilitoka mwaka gani.

1995.

Soma tena. Nimekuambia babu alifariki lini?

Mwili ukanisisimka. "Bibi, kitabu hiki babu alikitoa wapi?"

Bibi akaendelea kupepeta. Akachambua jiwe moja, akalitupa. Akachambua la pili. Akaweka ungo chini.

"Babu yako," akasema, "ulimwona lini jikoni kwangu?"

Si nilikuambia ulikumbuke lile jiko?

Sikumwona. Hata siku moja! Babu chakula alipelekewa barazani. Sasa ile sauti niliyoibeba miaka thelathini na ushei…

"Ni wewe, bibi?"

"Ile ya mfalme niliisikia kwa babu yako, alikuwa akisoma kwa sauti jioni. Ya chombo hakuisoma mtu."

"Basi uliitunga."

Akanitazama kama niliyemtukana. Nje ukungu ulishameza mashamba ya chai, sasa unaingia kwenye miti ya kigeni waliyoipanda Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti hapa mwaka 1902. Bibi akanyoosha kidole huko huko.

"Nani kakuambia ile ilikuwa hadithi?"

Akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Chukua tochi, mjukuu wangu. Na tukifika, usikiguse mpaka nikuambie."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO